Ramani Moja kwa Ruta na Mwanga: Usimamizi wa Pamoja wa Mtandao katika Ushoroba wa Mtito Andei



Mada hii inahusu kazi mbili ambazo katika kampuni nyingi za mawasiliano hufanywa na watu wasioonana. Mmoja anaangalia ruta, yaani mashine zinazosoma anwani ya kila pakiti ya data na kuamua ipite wapi. Mwingine anaangalia mwanga: nyuzi za faiba, vikuza mwanga, na rangi za mwanga zinazobeba pakiti hizo kutoka mji hadi mji. Kila mmoja ana skrini yake, kalenda yake ya matengenezo, tikiti zake na mkubwa wake wa kazi. Zamani mgawanyo huu ulieleweka, maana vifaa vya pande hizo mbili vilikuwa mbali kama mbingu na ardhi. Siku hizi unatugharimu pesa na unarefusha kila kukatika kwa mtandao. Nimeomba tuijadili mada hii Mtito Andei kwa sababu gharama hiyo imelala hapa chini ya miguu yetu.

Kwa nini hapa

Kabla ya mwaka 2009, intaneti ya Kenya ilipanda na kushuka kwa setilaiti, na kwa miaka mingi lango lilikuwa Longonot, Bonde la Ufa. Kebo ya SEACOM ilipowashwa Mombasa tarehe 23 Julai 2009, ikafuatwa mwaka huo huo na TEAMS kutoka Fujairah, kisha EASSy mwaka 2010, lango likahamia baharini. Zimekuja nyingine baadaye, LION2, DARE1, PEACE, nazo zimetua pwani ile ile. Lakini wateja wengi, ofisi kuu za serikali, vituo vikubwa vya data, na kituo kikuu cha kubadilishana data cha KIXP viko Nairobi. Kwa hiyo kila kinachotua Mombasa hakina budi kupanda bara, mwendo wa takriban kilomita 480, na katikati ya mwendo huo ndipo tulipo leo.

Tumezoea kupima usalama wetu kwa idadi ya kebo za baharini. Februari 2012 nanga ya meli ilikata TEAMS karibu na Mombasa. Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja upande wa Afrika Kusini, na Afrika Mashariki nzima ikalisikia pigo hilo. Mara zote mbili mjadala wa umma ulihusu bahari. Ni wachache waliouliza swali la nchi kavu: kebo hizi zikishatua, zinafika Nairobi kwa njia ngapi zilizotengana kweli?

Tazameni ardhi yenyewe. Upande mmoja ni Tsavo Magharibi, upande wa pili Tsavo Mashariki, na kaskazini-magharibi Vilima vya Chyulu. Kilichobaki katikati ni ukanda mwembamba. Ndani yake mmebanana barabara kuu ya A8, reli ya zamani iliyopita hapa mwishoni mwa karne ya 19, reli ya SGR iliyofunguliwa tarehe 31 Mei 2017, bomba la mafuta lililoanza kazi mwaka 1978 na lenye kituo cha pampu hapa hapa Mtito Andei, pamoja na laini za umeme wa msongo mkubwa zinazounganisha pwani na bara. Faiba hufuata miundombinu kwa sababu hapo ndipo kibali cha njia hupatikana. Kwingine ni mbuga ya wanyama au shamba la mtu. Matokeo yake ni kwamba kampuni zinazoshindana vikali Nairobi zinalala kitanda kimoja Mtito Andei.

Mteja akinunua njia mbili, moja katika mtaro wa kando ya barabara na nyingine katika kebo ya kampuni nyingine, huamini ana njia mbili. Kwenye skrini ya ruta ni mbili kweli. Lakini mto ukifurika na kubomoa daraja, mtaro na kebo zilizofungwa darajani huondoka pamoja. Kazi ya kupanua barabara ikianza, mitaro ya kampuni tatu huhamishwa katika wiki moja. Jirani zetu wa Thange wanajua uvujaji wa mafuta wa mwaka 2015 uliwafanya nini. Kusafisha udongo kunahitaji kuchimba, na tingatinga haliulizi chini kuna nini. Hata umeme ni hatari ya pamoja. Tarehe 11 Januari 2022 nguzo za laini ya Kiambere hadi Embakasi zilianguka, nchi ikaingia gizani, na siku chache baadaye serikali ikasitisha biashara ya vyuma chakavu ili kuzuia wizi wa vyuma vya miundombinu. Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulipotea tena karibu nchi nzima kwa saa nyingi. Faiba mbili zilizo katika mitaro tofauti, lakini zenye vikuza mwanga vinavyotegemea laini moja ya umeme na tangi moja la dizeli, ni njia moja.

Viwango vya kimataifa vina jina la jambo hili: kundi la hatari ya pamoja. Kila kipande cha njia hupewa namba za hatari zake: mtaro fulani, daraja fulani, nguzo fulani, chanzo fulani cha umeme. Ruta ikizijua namba hizo, haiwezi kuchagua njia ya akiba inayopita kwenye hatari ile ile ya njia kuu. Ugumu ni kwamba anayezijua ni mtu wa mwanga, na anayezihitaji ni mtu wa ruta. Mara nyingi huandikwa katika jedwali la kompyuta ya mtu mmoja, zikanakiliwa kwa mkono siku mtandao unapojengwa, na kuanzia siku ya pili huanza kuchakaa. Kebo inahamishwa, rangi inapelekwa kwenye uzi mwingine, na hakuna anayeiambia ruta.

Mwanga unavyosafiri

Maafisa wa TEHAMA wa kaunti za Makueni na Kitui wataniwia radhi nikieleza fizikia kidogo, maana bila hiyo hoja ya usimamizi haisimami. Faiba nzuri hupoteza takriban desibeli 0.2 kwa kila kilomita. Kwa kilomita 80 hiyo ni desibeli 16, yaani mwanga unaofika ni sehemu moja kati ya 40 ya ulioondoka. Kwa kilomita 240, nusu ya safari ya Nairobi na Mombasa, hasara ni desibeli 48, na kinachobaki ni sehemu moja kati ya 63,000 hivi, kabla hata ya kuhesabu hasara ya sehemu nyuzi zinapoungwa. Ndiyo sababu kila baada ya kilomita 80 hadi 100 kuna kibanda chenye kikuza mwanga, betri, jenereta na kiyoyozi. Katika joto la huku, kiyoyozi si anasa; kikifa, betri hufuata.

Uzi mmoja hubeba rangi nyingi kwa wakati mmoja. Kwa mpangilio wa gigahezi 50 kati ya rangi moja na nyingine, ni takriban rangi 96. Teknolojia ya sasa huweza kupakia gigabiti 100, 200, 400 au zaidi kwa sekunde katika kila rangi, kulingana na umbali na usafi wa njia. Juu ya rangi hizo ndipo viungo vya ruta, yaani njia za kutoka ruta moja hadi nyingine, hukaa, na ruta haijui lolote kuhusu rangi. Inachojua ni kwamba kuna jirani upande wa pili, na kwamba jirani anajibu au hajibu.

Kebo inapokatika

Tuchukue mfano. Saa nane usiku tingatinga la mkandarasi linakata kebo kilomita chache kusini mwa hapa. Kibanda kinachofuata kinakosa mwanga, na rangi zote zilizokuwemo zinazimika pamoja. Upande wa mwanga kuna kinga iliyoundwa ihamishe mawimbi kwenda kwenye uzi wa akiba ndani ya milisekunde 50. Upande wa ruta kuna protokali inayomwuliza jirani kila milisekunde chache kama yupo. Asipojibu mara tatu anahesabiwa kuwa amekufa, na ruta zote zinaanza kupanga njia upya. Kama ruta imewekwa iulize kila milisekunde 10, itatangaza kifo baada ya milisekunde 30, kabla tabaka la mwanga halijamaliza kuhama. Kinga mbili zinakimbizana. Mwanga unahama, ruta nazo zinahama, kisha ruta zinagundua jirani amefufuka na zinarudi. Mteja anayefanya malipo kwa simu anaona muamala umekwama mara mbili kwa tukio moja.

Dawa yake inajulikana: tabaka moja lisubiri lingine kwa muda uliokubaliwa. Lakini muda huo hauwezi kuwekwa ipasavyo kama anayeweka ruta hajui ni viungo vipi vina kinga ya mwanga na vipi havina. Hilo ni suala la taarifa kumfikia anayeihitaji. Hakuna kifaa kipya kinachohitajika.

Sasa angalieni binadamu. Ofisi ya ruta Nairobi inapata alamu kwa mamia: majirani wamepotea, viungo vimejaa, wateja wanalalamika. Inafungua tikiti kwa kila kiungo. Ofisi ya mwanga inaona alamu chache na inafungua tikiti yake moja. Fundi aliye Mtito Andei anapigiwa simu na watu watatu wanaomwuliza mambo matatu kuhusu mkato mmoja, wakati angepaswa awe barabarani tayari. Programu inayojua kwamba viungo hivi kumi vya ruta vimepanda rangi hizi nne, na rangi hizi nne zimo katika uzi huu mmoja, ingezikusanya alamu zote hizo kuwa sentensi moja: kebo fulani imekatika kati ya kibanda hiki na kile. Kwa maoni yangu, hili pekee linatosha kuhalalisha usimamizi wa pamoja hata kama hatutafanya jingine.

Na fundi huyo ana maarifa ambayo hayamo katika skrini yoyote. Anachomeka OTDR, kifaa kinachotuma mpigo wa mwanga na kupima mwangwi wake, kinamwambia mkato uko kilomita 37.4. Lakini kilomita 37.4 za faiba si kilomita 37.4 za barabara, kwa sababu katika kila shimo la kiungo, ambamo nyuzi za kebo huungwa, pameachwa mizunguko ya kebo ya akiba, na mahali pengine kebo imezunguka jabali au kalvati. Fundi mzoefu anatoa mizunguko hiyo kichwani na kusema: mkato uko karibu na lango la pili baada ya daraja. Akihamishwa au akistaafu, maarifa hayo yanaondoka naye. Ramani ya pamoja ninayoizungumzia ianze na kichwa cha fundi huyu: kila shimo, urefu wa akiba iliyomo, sehemu halisi kwenye ardhi, na nani mwingine yumo katika mtaro huo huo.

Kulipia akiba mara mbili

Wakurugenzi wa fedha huniuliza usimamizi wa pamoja utaokoa nini. Hesabu ni fupi. Mtu wa mwanga, kwa uangalifu wake, anatenga nusu ya uwezo kwa ajili ya kinga: uzi mmoja unafanya kazi, mwingine unasubiri. Mtu wa ruta, naye kwa uangalifu wake, na bila kujua kilichofanywa chini yake, haruhusu viungo vyake vipite nusu, ili kimoja kikianguka kingine kibebe mzigo wote. Nusu ya nusu ni robo. Kati ya kila shilingi 4 zilizowekwa katika uwezo wa njia ya Mombasa, shilingi 1 ndiyo inayobeba data ya mteja siku ya kawaida. Hakuna aliyekosea kati yao. Kila mmoja amefanya kazi yake vizuri, na mteja wa Wote au Mutomo analipia akiba mbili kwa hatari moja.

Tabaka hizo zikipangwa pamoja, unaweza kuamua kwamba huduma hizi nyeti zipate kinga ya mwanga, na zile nyingine ziachiwe ruta, ambayo inaweza kutumia uwezo wa akiba siku zote na kupunguza mzigo usio wa lazima siku ya ajali. Unaweza pia kufanya jambo la tatu ambalo bado ni adimu kwetu: kuurudisha mwanga kwa njia ndefu. Kebo ya Mtito Andei ikikatika, rangi zinaweza kuzungushwa kwa upande wa Malindi, Garsen na Garissa hadi Nairobi, mwendo wa zaidi ya kilomita 800.

Hapa ndipo tabaka zinapohitajiana zaidi. Mwanga ndani ya kioo husafiri takriban kilomita 200 kwa milisekunde moja. Kwenda na kurudi kwa kilomita 480 ni karibu milisekunde 4.8; kwa kilomita 800 ni milisekunde 8. Tofauti hiyo si kubwa kwa barua pepe, ila ruta ambayo haijaambiwa bado inaamini kiungo hicho ni kifupi na itaendelea kukipendelea. Kubwa zaidi ni uwezo. Rangi iliyobeba gigabiti 400 kwa njia fupi huenda isiweze kubeba zaidi ya 200 kwa njia ndefu, kwa sababu kelele ya vikuza mwanga huongezeka kadiri vibanda vinavyoongezeka. Mtu wa mwanga atasema amerudisha huduma, naye atakuwa amesema kweli. Mtu wa ruta atamimina gigabiti 350 kwenye kiungo kilichobaki na 200, na wateja watasema mtandao umekufa.

Kilichobadilika katika vifaa

Kwa miaka mingi kati ya ruta na faiba kulikuwa na sanduku jingine, kazi yake kuchukua mwanga wa kawaida wa ruta na kuugeuza rangi maalumu ya kusafiri mbali. Sanduku hilo ndilo lililokuwa mpaka wa idara hizi mbili. Mwaka 2020 ulichapishwa mkataba wa kiufundi uitwao 400ZR, unaoweka kazi hiyo ndani ya moduli ndogo ya kuchomeka kwenye ruta yenyewe, kwa umbali wa hadi kilomita 120. Ndugu yake, OpenZR+, hufika mamia ya kilomita kwenye njia yenye vikuza mwanga, na anaweza kupunguza mwendo kutoka 400 hadi 300, 200 au 100 kulingana na hali ya njia.

Kwa mji huu hilo lina maana ya moja kwa moja. Voi iko karibu kilomita 100 kutoka hapa; Kibwezi ni karibu zaidi. Ruta ya kadiri iliyowekwa Mtito Andei, yenye moduli hizo, inaweza kupokea na kutoa data hapa bila safu ya masanduku ya bei kali. Kwa muda mrefu mwanga umepita juu ya vichwa vya watu wa ukanda huu bila kushuka. Mkaazi wa Mtito Andei anayetazama video iliyotoka Mombasa mara nyingi huipata ikiwa imekwenda Nairobi kwanza, kisha ikarudi. Zahanati inayotuma madai ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, afisa wa kaunti anayefanya malipo kwa mfumo wa IFMIS, kijana anayeomba cheti kwa eCitizen, wote wanategemea njia hiyo ndefu. Kituo cha kushushia data hapa, chenye tawi la kuelekea Kibwezi na kuvuka Mto Athi hadi Ikutha na Mutomo, kingeipa Kitui Kusini mlango wa pili wa intaneti badala ya kutegemea njia za kaskazini pekee. Naliamini jambo hili kwa dhati, na ningependa kaunti za Makueni na Kitui ziliweke mezani kwa pamoja.

Moduli hizo zimeleta faida nyingine ambayo haijatumiwa ipasavyo. Kila sekunde, moduli inahesabu ni biti ngapi zimefika zikiwa na makosa kabla hazijarekebishwa. Shimo la kiungo linapoingia maji, au kebo inapokunjwa na udongo uliohama, makosa hayo hupanda polepole kwa saa kadhaa, wakati mwingine siku kadhaa, huku huduma ikiendelea kama kawaida. Halafu yanafika ukomo na kila kitu kinazimika. Taarifa hiyo sasa imo ndani ya ruta. Ruta inaweza kupandisha gharama inayokipa kiungo chake kinachopita hapo, data ikahamia njia nyingine taratibu, na fundi akatumwa mchana, jua likiwaka, badala ya saa nane usiku kando ya mbuga yenye ndovu na simba. Matengenezo ya kupangwa yafuate utaratibu huo huo: kabla fundi hajafungua shimo la kiungo, mfumo uhamishe data, uhakikishe njia ya akiba haiguswi na kazi nyingine usiku huo, ndipo umpe ruhusa.

Nani amiliki usukani

Sehemu hii ndiyo ngumu zaidi, na si ya kiufundi. Nchini kwetu mwenye ruta mara nyingi si mwenye mwanga, na mwenye mwanga si mwenye faiba. Kampuni ya intaneti inakodi rangi kutoka kwa kampuni kubwa; kampuni kubwa imekodi nyuzi kwenye nguzo za umeme; mkongo wa serikali wa NOFBI, ulioanza kujengwa mwaka 2007, una taratibu zake. Hakuna atakayempa mshindani wake ufunguo wa nyumba.

Shirika la viwango la IETF lililitafakari hili, na mwaka 2018 likatoa muundo ulioandikwa katika waraka RFC 8453. Wazo lake ni la ngazi. Kila mwenye mtandao anabaki na kidhibiti chake, kinachojua vifaa vyake kwa undani. Juu yake kuna mratibu, anayeonyeshwa picha ya muhtasari tu: kutoka hapa hadi pale kuna uwezo kiasi hiki, ucheleweshaji kiasi hiki, namba za hatari hizi. Mratibu anaomba, kidhibiti cha chini kinatekeleza au kinakataa. Lugha ya kuelezea data hiyo, YANG, na protokali ya kuisafirisha, NETCONF, zimekuwepo tangu zamani kidogo na vifaa vingi vilivyonunuliwa miaka ya karibuni vinazijua. Tatizo ni kwamba tunavinunua, halafu tunaviendesha kwa kuandika amri moja moja kwa mkono.

Namba ya hatari inaweza kutolewa bila kufichua ramani. Kampuni A ikisema njia yake ina hatari namba 5017, na kampuni B ikasema hivyo hivyo, mteja wao wa pamoja anajua zinakutana mahali fulani, bila kujua ni wapi. Ili hilo liwezekane, namba lazima zitolewe na chanzo kimoja. Mimi naona chanzo hicho kiwe daftari la pamoja la ushoroba, linalotunzwa chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, likipokea taarifa kutoka kwa wenye vibali vya njia: mamlaka ya barabara kuu, Shirika la Reli, Kenya Pipeline, KETRACO, Kenya Power, Huduma ya Wanyamapori, na kaunti zenyewe. Kaunti hutoza ada za kibali cha njia. Si vibaya. Lakini anayetoza ada aandike pia kilichozikwa, wapi, kina gani, na amwonyeshe mkandarasi kabla tingatinga halijawashwa.

Hatari ya usukani mmoja

Ningekuwa nawadanganya kama ningesema njia hii haina hatari. Mfumo unaoshika tabaka mbili unaweza kuangusha tabaka mbili. Tarehe 4 Oktoba 2021 amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida ilikata uti wa mgongo wa mtandao wa Facebook duniani kote, na programu ya ukaguzi iliyopaswa kuizuia ilikuwa na kasoro. Ilichukua karibu saa sita kurudi. Tarehe 8 Julai 2022 kampuni ya Rogers ya Kanada ilipoteza mtandao wake wote, wa simu na wa intaneti, na wahandisi wake wakashindwa kuufikia ili kuutengeneza, kwa sababu njia yao ya usimamizi ilipita ndani ya mtandao ule ule ulioanguka.

Kwa hiyo nasema bila kusita: njia ya kusimamia vifaa isipite kamwe katika faiba inayosimamiwa. Kila kibanda kati ya hapa na Voi, na kati ya hapa na Kibwezi, kiwe na mlango wa pili, kwa simu ya mkononi au setilaiti, unaotumia umeme wake. Hatua ya kwanza ya usimamizi wa pamoja iwe kusoma tu. Mfumo uone, ulinganishe, ushauri, na binadamu aidhinishe. Ukishaaminika kwa msimu mzima wa mvua, upewe kazi ya kuhamisha data kabla ya matengenezo. Kuachiwa ubadilishe rangi wenyewe kuje mwisho, na pengine katika baadhi ya mitandao kusije kabisa.

Kuhusu watu, sina imani na kampuni inayonunua programu ya mamilioni huku ikiziacha ofisi mbili katika ghorofa mbili. Wahandisi wa ruta waletwe hapa washike kebo, waone shimo la kiungo lililojaa maji. Mafundi wa njia wafundishwe kusoma jedwali la njia la ruta na wapewe haki ya kuingia katika skrini hiyo hiyo, si kusubiri simu kutoka Nairobi. Vyuo vya kiufundi vya Makueni na Kitui vina vijana wanaoweza kazi hii. Wanachokosa ni vifaa vya kujifunzia na mahali pa kufanyia mazoezi.

Mvua kubwa za Ukambani huanza Oktoba na hupamba moto Novemba, na ndipo mitaro hubomoka. Ombi langu kwa kila kampuni, shirika na kaunti iliyotuma mjumbe katika kikao hiki ni moja. Kabla ya mvua hizo, andikeni orodha ya vipande vyenu vya njia kati ya Kibwezi na Voi: mtaro, daraja, nguzo, kibanda, chanzo cha umeme. Mchagueni mtu mmoja wa ruta na mmoja wa mwanga waikague pamoja, wakiwa na fundi wa hapa, kwa miguu pale inapobidi. Kisha iwekeni katika daftari la pamoja ambalo kikao hiki kina uwezo wa kulianzisha leo kabla hatujaondoka.